Fimbo, Bunduki, na Watu Waitwao Marafiki

Nimekuwa mwalimu katika nchi hii ya Tabora miaka kumi na mitatu, na katika miaka hiyo, kumi na miwili nilifundisha nikiwa na fimbo ya mpera. Mpera ndio mti wa walimu. Mwembe huvunjika upesi, tena kwetu mwembe ni mti wa heshima: ile miembe mikubwa uionayo ukitoka mjini kwenda Kwihara, wazee husema iliota kwa kokwa za maembe waliyokula watu wa misafara, wapagazi na watumwa, walipokuwa wakipita baina ya Ujiji na pwani. Shule niliyokuwamo wakati huo ilikuwa karibu na njia hiyo. Watoto walikula maembe chini ya miti ile saa ya mapumziko, wala hawakujua wanakula urithi wa nani.

Siku moja ya mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, wavulana wawili wa darasa langu walipigana nyuma ya jiko la shule. Mmoja ni mtoto wa mjini. Wa pili alitoka Ulyankulu, amekuja kukaa kwa shangazi yake ili asome. Nilipowatenganisha niliuliza kisa. Yule wa mjini akanyamaza. Yule wa Ulyankulu akasema, “Mwalimu, ameniita mkimbizi.”

Ilinipasa kuketi na kulifikiri neno hilo. Lakini saa ya hesabu imekwisha fika, darasa zima linatazama, nami nikachagua njia iliyo fupi. Nikawapiga wote wawili, kila mmoja viboko sita mkononi. Kanuni za serikali yetu zasema viboko visizidi vinne, tena vipigwe na mwalimu mkuu mwenyewe au mwalimu aliyepewa ruhusa yake kwa maandishi, na adhabu iandikwe daftarini. Mimi sikuwa na ruhusa, wala sikuandika kitu. Mtoto wa mjini alilia. Yule wa Ulyankulu hakulia, na kwa kuwa hakulia, kiboko cha sita nilikipiga kwa nguvu zaidi kuliko cha kwanza. Jambo hilo nalijua mimi na mtoto yule, na sasa walijua ninyi wasomaji.

Asubuhi yake kidole chake cha shahada kilikuwa kimevimba, hakuweza kushika kalamu. Aliandika imla kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zililala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Palikuwa na mwalimu mwenzetu, mama mtu mzima, aliyefundisha darasa la pili. Yeye naye ni mzaliwa wa Ulyankulu. Alikuja akasimama mlangoni pangu wakati wa chai, akatazama lile daftari la imla, akasema, “Mwalimu, watoto wamepigana, nawe ukawaamua kwa kuwapiga.”

Nikamwuliza, “Mama, na wewe darasani mwako wafanyaje?”

Akajibu, “Mimi sipigi. Wazazi wangu ni watu wa Marafiki.”

Nalidhani asema marafiki hivi hivi, kama mtu asemavyo rafiki yake. Kumbe alisema jina la dhehebu. Wazee wake walikuwa Wakristo wa Kanisa la Marafiki katika nchi ya Burundi, nao walikimbia mwaka 1972, wakati watu zaidi ya laki moja walipouawa katika nchi ile. Wakavuka mpaka, wakapelekwa na serikali yetu katika mapori ya Ulyankulu, wakapewa majembe na mbegu, na huko ndiko alikozaliwa yeye. Tangu mwaka 2014 watu wa makazi yale, pamoja na wenzao wa Katumba na Mishamo, walianza kupewa hati za uraia wa Tanzania. Kwa hiyo mtoto aliyeitwa mkimbizi ni raia kama aliyemwita.

Nilianza kusoma habari za Marafiki. Nasema kweli, sikusoma kwa kutafuta hekima. Nilisoma ili nipate kumjibu yule mama.

Waingereza huwaita Quakers, yaani watu watetemekao, na jina hilo walipewa kwa dhihaka yapata mwaka 1650. Aliyewaanzisha ni George Fox, mwana wa mfumaji nguo, naye alifundishwa kazi ya ushonaji viatu. Mwaka 1651 alikuwa kifungoni katika mji wa Derby. Wakubwa wakamwambia atatoka iwapo atakubali kuwa kapteni katika jeshi la Bunge. Akakataa. Sababu aliyoitoa ni kwamba uzima alio nao ndani yake waondoa mizizi ya vita, kwa hiyo upanga hana kazi nao. Wakamrudisha gerezani, mahali pabaya kuliko pale pa kwanza. Kisha, Januari 1661, watu wa kundi jingine wakafanya maasi mjini London, na Marafiki kwa maelfu wakakamatwa kwa kudhaniwa kuwa wamo. Ndipo Fox na wenzake kumi na mmoja wakampelekea Mfalme Charles wa Pili tamko la maandishi ya kwamba wao hawatashika silaha kwa sababu yo yote, hata ikiwa ni kwa kuutetea ufalme wa Kristo. Msingi wa neno hilo ni imani yao kwamba katika kila mtu mna nuru itokayo kwa Mungu. Ukimpiga mtu unapiga chombo chenye nuru. Kwa sababu hiyo hiyo hawaapi mahakamani: kwao mtu husema kweli siku zote, hana kweli ya korti na kweli ya sokoni.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikasema moyoni, Haya ni maneno ya watu ambao hawajapata kukaa Unyamwezi.

Maana njia yetu hii ni njia ya bunduki. Jina la Ulyankulu lenyewe limo katika habari za vita. Mwaka 1871 Mirambo aliwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakienda Ujiji, akawataka hongo. (Neno hili siku hizo halikuwa neno la aibu, lilikuwa ushuru aliotozwa msafiri kwa kupita salama katika nchi ya mtemi. Leo limekuwa jina la rushwa, wala sijui ni neno lililoharibika au ni sisi.) Waarabu wa Tabora wakakasirika, na mwezi wa Agosti wakaenda kupigana naye, hata yule Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone akafuatana nao na bunduki zake. Kundi la Sudi bin Saidi likauteka mji wa Ulyankulu. Walipokuwa wakirudi wamelemewa na pembe na mateka, watu wa Mirambo wakawavizia majanini, wakamwua Sudi na wenziwe wengi. Siku chache baadaye Mirambo akaingia Tabora akachoma moto sehemu ya mji. Miaka mia moja na mmoja ikapita, na mahali pale pale serikali ikawapeleka watu waliokimbia kuuawa.

Kisha yuko Isike, mtemi wa Unyanyembe. Januari 1893 Wadachi walipolivunja boma lake, aliingia katika ghala ya baruti akaitia moto, asipate kukamatwa. Sisi watoto wa Tabora tumelelewa kwa habari hiyo. Nilimwuliza yule mama, “Marafiki wangemwambia Isike afungue lango?” Akafikiri, akasema, “Sijui wangemwambia nini Isike. Najua wangemwambia nini yule Mdachi.” Jibu hilo halikunitosha siku ile, wala halijanitosha hata leo. Mjomba wa baba yangu alipigana vita vya Kagera mwaka 1979, na mimi siwezi kusimama mbele ya kaburi lake na kusema kwamba alikosea kwenda.

Ila liko jambo moja lililonipata bila kutazamia. Mwaka 1916 Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kuwaingiza vijana jeshini kwa lazima, na katika sheria ile waliacha mlango: mtu ambaye dhamiri yake yamkataza kupigana aweza kwenda mbele ya baraza aseme hivyo. Marafiki wengi walikwenda. Wengine waliruhusiwa kufanya kazi ya kuhudumia majeruhi. Wengine hawakusadikiwa wakatiwa gerezani. Mwaka ule ule wa 1916, tarehe 19 Septemba, jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora, na babu yake babu yangu alichukuliwa kuwa mpagazi. Katika vita vile wapagazi wa upande wa Waingereza na wenzao waliokufa wamehesabiwa zaidi ya 90,000, na waliouawa kwa risasi ni wachache. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa homa, na kwa njaa. Babu yule alirudi na bega moja limeshuka, hata mwisho wa maisha yake hakuweza kuinua mkono juu ya kichwa. Nilipoisoma sheria ile nikajiuliza: ni baraza gani lililokaa hapa Tabora kumwuliza yeye juu ya dhamiri yake? Alikuwa nayo. Lakini aliyetumwa kumchukua alikuja na kiboko, hakuja na swali.

Na mimi nilipowatoa wale wavulana wawili nyuma ya jiko, je, nilikuja na swali? Nililiuliza, naam, lakini jibu sikulingoja.

Basi nikaendelea kusoma. Nikaona kwamba Marafiki walitufikia watu wa Kiswahili kwa njia hii hii yetu, ila kwa mwisho wake wa upande wa pili. Watu walionunuliwa na kutekwa katika nchi za bara wengi wao waliishia katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba. Mwaka 1897 Sultani alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria, lakini mtumwa ilimpasa aende mwenyewe mbele ya korti kuomba uhuru wake, na masuria hawakuhesabiwa mpaka mwaka 1909. Mwaka huo wa 1897 Marafiki kutoka Uingereza walifika Pemba, wakanunua shamba la karafuu lililoitwa Banani, wakawaajiri kwa mshahara watu waliotoka utumwani. Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani wakaanza kazi Kaimosi, katika nchi ambayo leo ni Kenya ya magharibi, na kazi ile ikakua hata leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yo yote duniani. Mmoja wa wale watatu, Arthur Chilson, alipokuwa mtu mzima alikwenda Burundi mwaka 1934 akaanza misheni mahali paitwapo Kibimba. Mwaka 1947 vyama viwili vya Marafiki, kimoja cha Uingereza na kimoja cha Marekani, vilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi yao ya kuwasaidia watu walioharibiwa na vita, wa pande zote.

Kama habari ingeishia hapo, ningemrudishia yule mama vitabu vyake na kumshukuru. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia habari za Kibimba, kwa sababu hakutaka nisadiki kitu chepesi.

Tarehe 21 Oktoba 1993 askari walimwua Rais Ndadaye wa Burundi, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kutawala nchi ile. Siku hiyo hiyo, hasira ikapanda vilimani. Pale Kibimba, katika shule iliyozaliwa na misheni ya Marafiki, makumi ya watu, na wengi wao wanafunzi wa Kitutsi, walifungwa katika nyumba ya kituo cha mafuta, wakachomwa moto. Mwalimu mkuu wa shule alishtakiwa kuwa mmoja wa waliotenda hayo. Korti ikamhukumu, akanyongwa mwaka 1997. Kisha jeshi nalo likalipiza kisasi juu ya Wahutu, na kilima kile kikagawanyika, huku kambi ya Watutsi, kule Wahutu, hakuna apitaye.

Mama yule alipofika hapo alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, tulikuwa tumehubiri amani miaka karibu sitini. Tulikuwa na kanisa, shule na hospitali. Na haya yakatokea uani kwetu.”

Nilikumbuka kwamba hata sisi tuliofundishwa na Wamoraviani tuna jambo la kujibu. Wazee wa kanisa lile, wale Ndugu walioungana katika kijiji cha Kunvald, nchi ya Bohemia, mwaka 1457, waliyafuata mafundisho ya Petr Chelčický, wakakataa upanga na kiapo, miaka karibu mia mbili kabla ya Fox. Kabla karne ile haijaisha walikuwa wamelegeza shauri hilo. Waliopokea kazi ya misheni ya Urambo mwaka 1898 hawakutuletea fundisho la kukataa upanga. Walituletea shule nzuri, na shuleni palikuwa na fimbo. Siwalaumu. Nasema tu kwamba mtu aweza kuwa na neno hili katika sanduku la babu zake asilijue.

Yule mama alikwenda Burundi baada ya vita kupoa, kuwatazama ndugu zake, na huko akaona kazi ambayo Marafiki wa Burundi na Rwanda waliianza mwaka 2003. Huwaita watu ishirini, kumi wa upande huu na kumi wa upande ule, wakakaa pamoja siku tatu. Hakuna anayehubiri. Siku ya kwanza watu hujifunza jinsi jeraha la moyo linavyofanya kazi: usingizi unavyopotea, mtu anavyoshtuka kwa sauti ya mlango. Siku ya pili husimulia waliyopoteza, na wengine husikiliza. Siku ya tatu huchora miti miwili ukutani, mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, na kila mtu hutaja mizizi na matunda ya kila mmoja. Tena uko mchezo mmoja ambao yeye aliufanya: mtu hufungwa kitambaa machoni, na mwenziwe wa upande wa pili humshika mkono akamwongoza nje, penye mawe na mashimo, kisha hubadilishana. Yeye aliongozwa na mwanamke wa Kitutsi ambaye mumewe aliuawa mwaka 1993. “Alinishika mkono vizuri,” akaniambia. “Nilikuwa nikitetemeka, naye alijua. Ndipo nilipofahamu jina la Quakers.” Akacheka, nami nikacheka naye.

Jambo lililonishika katika maelezo yake ni kwamba watu wale hawakuanza kwa kusema, Sisi ni watu wa amani. Walikuwa wamekwisha kusema hivyo miaka mingi. Walianza kwa kusema yaliyotokea.

Juma lililofuata niliwaita wale wavulana wawili chini ya mwembe, baada ya masomo. Nilianza mimi. Nilisema mbele yao kwamba nimewapiga kupita kanuni, na kwamba kiboko cha mwisho nilikipiga kwa hasira. Sijui kama mtoto wa miaka kumi na miwili apaswa kusikia neno hilo kwa mwalimu wake. Walimu wengine wamenilaumu kwa hilo, kwamba nimeivua kazi yetu nguo. Yule wa Ulyankulu alitazama chini akasema, “Ndiyo, mwalimu,” kama watoto wanavyojibu kila kitu, hata wasilolisikia. Kisha nikamwuliza mwenzake maana ya neno mkimbizi. Hakuijua. Nikamwambia akamwulize babu yake nyumbani wao walitoka wapi.

Akarudi siku ya pili akasema, “Babu asema sisi ni Wamanyema. Asema babu yake aliletwa mtoto kutoka ng'ambo ya ziwa, amefungwa kamba.” Akasita. “Mwalimu, aliyeletwa kwa kamba naye ni mkimbizi?”

Nikamtazama yule wa Ulyankulu kuona atasema nini. Hakusema kitu. Hawakuwa marafiki baada ya hapo, nisiwadanganye. Waliketi madawati mbalimbali mpaka walipomaliza darasa la saba. Ila hawakupigana tena, na kidole kilipona, ingawa kimepinda kidogo kwenye pingili.

Nikaiweka fimbo juu ya kabati. Haikuwa kazi nyepesi. Nina watoto tisini na wanne katika chumba kimoja, na siku ya mvua bati likipigwa huwezi kusikia hata sauti yako mwenyewe. Wenzetu wa Kenya waliondoa viboko shuleni kwa sheria mwaka 2001, huku kwetu sheria yaturuhusu, na wazazi wengine huja kunihimiza, “Mwalimu, mchape, mimi baba yake nakupa ruhusa.” Mara mbili mwaka huu mkono wangu umepanda mpaka juu ya kabati. Mara ya kwanza niliushusha. Mara ya pili niliishika fimbo, nikaiinua, darasa likanyamaza kimya kabisa, nami nikaona jinsi lilivyonyamaza upesi. Nikairudisha.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu alipita kukagua madarasa, akauliza mbona kwangu kuna makelele, na fimbo yangu iko wapi. Nikamwonyesha. Akanyosha mkono, akaichukua, akaipangusa vumbi kwa kitambaa chake, akaenda nayo darasa la sita.